Picha ya Mwanaheri, Masika ya 1912

Machi 2

Nimerudi kwenye daftari hili kwa sababu moja. Katika mji huu mtu akikusalimia mara mbili asubuhi moja, anataka kitu, nami nataka mahali pa kuandika alichokitaka kabla hajakikana.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali huko pwani. Niliandika gazetini kwamba maakida, wasimamizi wa vijiji wa Mjerumani, wanawatoza watu kodi ya vibanda vilivyokwisha kuungua, nikaondolewa darasani. Sawa. Mikono yangu hawakuiondoa. Nilijifunza kupiga picha Unguja kwa Mgoa mmoja mkali, nikaifuata reli mpaka Morogoro, na sasa nina banda langu nyuma ya soko. Upande wa kusini nimeuacha wazi, unatazama milima. Wapita njia wananicheka kwamba nimeipa barabara mgongo. Wao wanataka duka, mimi nataka mwanga. Kuanzia mwezi huu jua linakaa kaskazini, kwa hiyo kusini kunakuja mwanga uliotulia usiokata uso vipande viwili. Mpiga picha anayemsimamisha mteja juani ili aone vizuri hajui kuona.

Jirani yangu ni Hatibu, fundi wa cherehani. Huniazima kanzu na makoti kwa wateja waliokuja na nguo mbovu, jioni tunakunywa kahawa barazani pake na namsomea magazeti. Ndiye mtu pekee hapa anayeisikiliza hoja mpaka mwisho.

"Kweli tupu, Maalim," husema. Kisha hukata uzi kwa meno.

Machi 4

Mke wa askari. Alitaka apigwe amefungua mwavuli. Nikamwambia mwavuli utamtia uso kivuli. Akasema mwavuli ndio aliokuja kuupiga picha, yeye anaushikia tu. Nimempiga. Nimeshindwa hoja na mwavuli.

Machi 9

Siku ya maana, niiandike sawasawa.

Asubuhi aliteremka bibi kizee kutoka milimani, jina lake Mwanaheri, na nyuma yake mwanamke kijana aliyebeba kigoda kichwani. Kijana namjua. Anaitwa Modesta, ni wa misheni, huleta mboga sokoni na hapunguzi bei hata mvua ikimnyeshea. Mimi shikamoo yangu siitoi ovyo. Akida simpi, matajiri siwapi, na watu wananisema kwa hilo. Huyu nilimpa kabla sijafikiri.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye unayewaweka watu ukutani?"

"Ndimi, bibi."

"Basi niweke. Akida Salum anasema kila mwaka kwamba nimekufa. Nikiwa ukutani atachoka."

Nikamuuliza habari yenyewe. Miaka michache iliyopita bwana wa ardhi, afisa wa serikali, alipanda kupima mteremko wao, kwa kuwa mlowezi mmoja anautaka apande miti ya mpira. Ikaamuliwa kwamba ardhi ibaki kwa Mwanaheri na watu wake muda wote atakaokuwa hai. Akifa, inakwenda kwa mlowezi. Akida ameahidiwa kitu na huyo mlowezi, sina shahidi ila macho yangu, lakini macho ndiyo kazi yangu. Kwenye mteremko ule kuna nyumba, migomba, mboga na makaburi ya ukoo mzima.

"Na ukoo wetu umekuwa na Mwanaheri siku zote," akasema, kama mtu anayesema mto una maji.

Niliichukulia kuwa ni majivuno ya uzee. Nikaendelea na kazi.

Alivaa kaniki nyeusi. Uso mweusi, nguo nyeusi. Wapiga picha wavivu huwatundikia watu kama hawa kitambaa cheupe nyuma, ukipata picha unaona tundu lenye meno. Nilitundika blanketi la kijivu. Nilimweka karibu na uwazi, shavu moja likielekea milimani, nikaamua muda wa mwanga kwa uso wala si nguo, hesabu ya polepole mpaka sita. Nguo ikiiva kupita kiasi, mshonaji atanung'unika. Uso ukipotea, umempiga picha mshonaji.

Sikumwambia atazame kamera. Mtu ukimwambia atazame kamera anatazama kama anayesubiri sindano. Nilimwuliza mvua itaanza lini. Akageuza macho kwenye milima, mikono yote miwili juu ya mkongojo, mguu wa kushoto mbele, nywele nyeupe zimetokeza kidogo chini ya kitambaa cha kichwani. Hapo hapo nikavua kofia ya lenzi.

"Jumanne," akajibu nilipoifunika.

Picha yake haiwezi kuwa tayari mpaka kuwe na jua, maana karatasi ninayochapia inaiva kwa jua tu. Nikamwambia arudi wiki ijayo. Hatibu hakuwapo, alikwenda stesheni kupokea jora. Jioni nimemsimulia yote, nywele nyeupe, mkongojo, jinsi alivyotazama milima.

Machi 10

Nimesafisha kioo cha Mwanaheri, kile kinachobeba picha kabla haijachapwa kwenye karatasi. Ni kioo bora kuliko vyote nilivyowahi kuvipata. Hatibu aliingia, akakishika kabla sijasema neno, akakiinua kwenye mwanga. Dole gumba lake limeacha alama kwenye pembe ya chini.

"Huyu kapandwa na jini," akasema. "Uso mweupe."

Nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya ile alama, nikamnyang'anya bila kumweleza kitu. Kioo hushikwa kingo zake, tena husafishwa kwa maji baridi ya mtoni yaliyotulia kwenye mtungi. Maji ya moto yakikigusa, ule utando wenye picha unalainika, unajikunja na kuteleza, na uso wa mtu unakwenda zake kwenye karai.

Machi 12

Jumanne. Mvua imeanza.

Machi 13

Mvua.

Machi 17

Mvua. Mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mtungi unakaa siku mbili kabla maji hayajatulia. Wateja wanakuja kuuliza picha zao na kunitazama kama mwizi. Mmoja ameniambia labda nimewauza Ulaya. Si jambo la kucheka. Mwaka jana alipita hapa Mzungu msafiri mwenye rula ya chuma, akataka kukodi banda langu awapige wapagazi uso mmoja mbele, mmoja ubavu, kila mmoja na namba kifuani. Nilimwambia mnadani ni kule, amfuate mwenye mbuzi. Kwa hiyo mtu anayeniuliza uso wake uko wapi ana haki ya kuuliza.

Machi 25

Utando wa ukungu umeota kwenye viatu, kwenye vitabu, kwenye ukingo wa kioo cha bwana harusi mmoja. Nimeviweka vioo vyote kwenye kasha lenye mkaa na chokaa.

Maharusi, kwa njia, wasisimamishwe kama nguzo mbili. Mpe mwanamke kiti, mwanamume asimame, kisha waulize nani aliyempenda mwenzake kwanza. Watatazamana. Kazi imekwisha.

Aprili 1

Mvua. Hatibu peke yake ndiye aliyekuja. Nimemsomea makala yangu mpya dhidi ya akida. "Kweli tupu, Maalim." Ameuliza habari za kioo cha yule bibi, kama ukungu haujakifikia. Ana moyo wa kukumbuka watu.

Aprili 6

Leo nimetukanwa ndani ya banda langu, na mtu wa kuuza mchicha.

Modesta aliingia na mvua. Hakuwa na kapu. Kaniki nyeusi, mkongojo mkononi. Alisimama mbele yangu akanitazama, bila kuniamkia. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka zaidi ya ishirini, na kila Jumamosi huniamkia sokoni kwa heshima zote. Leo alisimama tu, anasubiri. Nilielewa baada ya muda kwamba anasubiri mimi nimwamkie.

"Habari," nikasema.

Akaipokea kama mtu anayemsamehe mtoto. "Nimekuja kuchukua picha yangu."

"Yako ipi? Sijakupiga."

"Ulinipiga kabla ya mvua. Uliniuliza mvua itaanza lini, nikakwambia Jumanne."

"Aliyesema hivyo ni bibi yako."

"Ni mimi."

"Wewe ni Modesta."

"Kanisani. Mimi ni Mwanaheri."

"Bibi yuko wapi?"

"Unamwuliza mtu aliyesimama mbele yako yuko wapi?"

Nimesoma mantiki kwa Kiarabu na kwa Kijerumani na sijakutana na uso mkavu kama ule. Nikamwambia nina macho, na kioo kina macho, na vyote viwili vinamjua Mwanaheri. Nikamwuliza Akida amempa nini ili aje kuiba uso wa mzee. Akashtuka kidogo aliposikia jina la Akida. Niliona.

"Weka basi," akasema. "Lakini usiwape watu."

Aliondoka bila haraka. Hata mwendo ameubadilisha. Mtu anayejifundisha mwendo wa mtu mwingine ana mpango.

Aprili 7

Nimemweleza Hatibu. Amekubaliana nami katika kila neno. Anadhani nikiweke kioo mahali pa salama zaidi. Ameuliza wapi. Nimesema bado nafikiri.

Aprili 11

Akida Salum mwenyewe, na mwavuli, na askari mmoja wa kuushika.

"Mwalimu Stambuli," akasema, "mimi na wewe tumekosana kwa karatasi. Karatasi zinalowana. Tusahau."

Mtu anayetaka kusahau makala zangu anazikumbuka neno kwa neno. Nikamkaribisha kiti kibovu.

Habari aliyoleta ni hii. Bibi Mwanaheri amefariki mwishoni mwa Machi, amezikwa kimyakimya milimani. Watu wake wamemwinua msichana na kumwita Mwanaheri ili ardhi isiende. Bwana wa ardhi anakuja Jumatatu, Aprili 29, kukaa barazani bomani. Akida anataka kioo changu kwa mchapaji wa stesheni, ambaye anajua kuchapa kwa taa. Ataiweka picha ya bibi mezani na kumsimamisha msichana pembeni yake.

"Wewe mwenyewe umeandika, picha haina upendeleo," akasema. "Nakuomba ukweli tu. Ukweli si ndio biashara yako?"

Nikaanza kupanga chupa zangu za dawa. Katikati ya hoja jambo hilo halinitokei mara nyingi.

"Na usijali kile kidole kwenye pembe," akaongeza akiinuka. "Mchapaji atakikata."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nikakaa na sentensi ile mpaka kahawa ikapoa. Modesta hajapata kukiona kioo. Askari hajakiona. Kimetoka mikononi mwangu mara moja tu, kikashikwa na mtu mmoja.

Lakini sitaki kumhukumu mtu kwa neno moja. Nimewahi kuhukumiwa hivyo.

Aprili 12

Nimekunywa kahawa kwa Hatibu. Nimemwambia, kwa sauti ya chini, kwamba nimekificha kioo kwenye pipa la unga, chini kabisa.

"Busara, Maalim," akasema.

Aprili 13

Askari wawili wamekuja kutafuta mirungi ya magendo, hivyo ndivyo walivyosema. Hawakutazama kitandani, hawakutazama kwenye kasha. Wamemwaga pipa la unga.

Nimefagia unga mpaka adhuhuri. Hatibu alipita, akasema pole, akauliza kumetokea nini. Alikuwa na uzi mdomoni. Miaka hii yote nimedhani mtu akikubali kila hoja ni kwa kuwa hoja ni nzuri.

Aprili 14

Mvua. Sijakwenda barazani kwa Hatibu.

Aprili 17

Amekuja Agustino, mwalimu wa misheni, ambaye nimebishana naye kuhusu dini mpaka watoto wakajua hoja za pande zote mbili. Siku zote nimemdhani mpelelezi wa padri. Leo alikuja na hasira, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Umemwita dada yangu mwizi," akasema.

"Modesta ni dada yako?"

"Alikuwa. Sasa ni bibi yangu. Na wewe kwa elimu yako yote huwezi kumkaribisha bibi wa watu kiti."

Nikamwambia aeleze kama anaeleza darasa la kwanza. Alieleza. Kwa Waluguru ardhi inakaa kwa lukolo, ukoo wa upande wa mama, na lukolo inashikwa na mtu mwenye jina. Mwenye jina akifa, wazee wanakaa, wanamchagua mrithi, wanamkalisha kwenye kigoda na kumpa mkongojo. Kuanzia saa ile yeye ndiye mwenye jina. Si anayemwakilisha, si anayemfuata. Aliokuwa akiwaita wajukuu wanakuwa wajukuu zake. Baba yake mzazi anamwamkia. Huyu bibi niliyempiga picha naye alikalishwa hivyo akiwa msichana, na aliyekuwa kabla yake vilevile.

"Basi ni jina la cheo," nikasema.

"Ni mtu. Wewe umezoea kwamba mtu ni pua."

"Na padri anasemaje?"

"Padri anaamini kwamba mkate wa misa unaweza kuwa kitu kingine bila kubadili sura. Hajapata nguvu ya kutukatalia."

Nimecheka, nikamchukia kidogo kwa kunichekesha.

"Jumatatu ya baraza, huyo Mzungu haulizi habari ya mkate," nikasema. "Anauliza kama mwanamke yuko hai."

"Yuko hai. Asubuhi hii kanituma kwako."

"Na aliyezikwa?"

Agustino akaanza kuvaa viatu. "Tulizika mwili, Stambuli. Nilishika jembe mwenyewe. Nililia siku mbili. Ukiniuliza kama bibi yangu amekufa nitasema ndiyo, ukiniuliza kama Mwanaheri amekufa nitasema hapana, na sitakuwa nimedanganya mahali popote. Ukiiweka picha ile mezani tutapoteza makaburi na migomba na mahali pa kulala watu zaidi ya mia. Basi. Bishana na hilo."

Hakusubiri nibishane.

Aprili 18

Nimebishana nalo. Usiku kucha, kwa faida ya mende.

Hoja yangu ya maisha ni kwamba uso wa mtu ni wake peke yake. Kwa hoja hiyo nilimfukuza yule wa rula. Sasa Akida anasimama ndani ya hoja yangu kama mtu aliyevaa kanzu yangu. Anataka nifanye kazi ileile ya rula: uso huu, pua hii, linganisha, ondoa.

Aprili 21

Jumapili. Saa tano mvua ilikatika ghafla, jua likatoka kali, mji mzima ukafuka mvuke. Sikufikiri. Nilitoa kioo cha Mwanaheri, nikakifunga kwenye fremu juu ya karatasi, nikaweka kwenye kizingiti. Karatasi hii unaitazama ikiiva: kwanza waridi, kisha kahawia, kisha mtu. Nilipoiondoa mawingu yalikuwa yamekwisha rudi. Picha moja tu.

Modesta alikuwa anatoka misa, Agustino pamoja naye. Nikawaita. Nilimwekea kiti kizima. Nikampa picha.

Aliishika kwa kingo, sijui nani kamfundisha. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa namtazama kwa makini, kama kawaida yangu, nione wapi mwigizaji atachoka. Macho yalimjaa maji, hakuyafuta. Kisha akasema, si kwangu, kwa Agustino:

"Nilikuwa nimechoka siku ile."

"Ulikuwa umechoka, bibi," akasema Agustino.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta mpango. Mtu anayetaka kunidanganya angesema kwamba alikuwa mzuri.

"Utakifanya nini kile kioo?" akaniuliza.

"Sijui bado."

"Wanasema wewe huwezi kuharibu ukweli."

"Nani wanasema?"

"Wewe. Kila Jumamosi, kwa sauti, pale sokoni."

Akaifunga picha kwenye kitambaa, akaitia kifuani.

Aprili 23

Mvua. Jioni nimechemsha maji.

Nilikaa kwanza na kioo cha Mwanaheri mbele ya taa nyekundu. Mikono juu ya mkongojo, mguu wa kushoto, macho kwenye milima. Sijapata kupiga picha kama ile na sidhani nitapiga nyingine. Nikakilaza kwenye karai, nikamimina. Utando ulianza kuachia kwenye pembe ile ya kidole cha Hatibu, ukajikunja, ukatembea. Nilitazama mpaka mwisho. Kisha nikakisugua kioo kwa majivu, kikawa kioo tu.

Aprili 29

Baraza bomani. Mvua ya manyunyu. Bwana wa ardhi ni Mjerumani mwembamba mwenye mafua, anasema Kiswahili kizuri cha Tanga. Upande wa kulia Akida Salum. Mbele, kwenye kigoda chake, Modesta, na nyuma yake wazee wa mlimani wamesimama kwa kuwa hakuna aliyewapa kiti. Agustino pembeni. Na Hatibu, na shati jipya, hakunitazama.

Akida alisema aliyoyasema. Kisha: "Mpiga picha ana kioo chenye uso wa marehemu. Nimemwamuru akilete."

Nikakiweka mezani. Bwana wa ardhi akakiinua, akaniona ng'ambo yake waziwazi.

"Hiki kitupu."

"Maji yamekifikia, bwana."

"Amekifuta," akasema Akida. "Lakini yuko mtu aliyeuona uso. Hatibu."

Hatibu akasogea. Akasema aliona uso wa kizee kwenye kioo, kizee sana, hata nywele zilikuwa nyeupe kama pamba.

Nikaomba ruhusa ya kuuliza. Bwana wa ardhi akapiga chafya, nikaichukua kuwa ruhusa.

"Jirani," nikasema, "ulimwona bibi mwenyewe siku ile?"

"Nilikuwa stesheni. Nilikiona kioo."

"Na nywele ulizionea kwenye kioo?"

"Kwa macho yangu haya."

"Zikiwa nyeupe?"

"Nyeupe, Maalim." Akasita, akarudia kwa nguvu: "Nyeupe."

Nilikuwa na kioo kingine mfukoni, cha mke wa askari na mwavuli wake. Nikampa bwana wa ardhi. Akakiinua kwenye mwanga, akaanza kutabasamu kabla sijaeleza, kwa sababu naye ana kamera, kama walivyo nayo Wazungu wote. Katika kioo cha picha kila kitu kimegeuka. Ngozi nyeusi inaonekana nyeupe, kanga nyeupe inaonekana nyeusi, na mwanamke yule, ambaye nywele zake ni nyeusi kama makaa, ana kichwa cheupe kama theluji ya vitabuni.

"Basi fundi," nikasema, "kama uliona nywele nyeupe kwenye kioo, uliona mwanamke mwenye nywele nyeusi. Mtazame pale. Amekaa."

Wazee wakacheka, polepole, mmoja baada ya mwingine. Hatibu alifungua mdomo. Ingekuwa siku nyingine ningemwonea huruma. Yeye hakuona nywele zozote. Nywele nilimpa mimi jioni ile ya Machi, kwa kahawa.

Bwana wa ardhi akaweka kioo chini.

"Hoja nzuri," akasema. "Lakini ni hoja kuhusu fundi. Mimi nakuuliza wewe. Ulimpiga picha Mwanaheri. Mwanamke huyu ni nani?"

 Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilikuwa na hotuba yenye mpangilio, na mifano ya wafalme ambao wakifa hawafi, ya Kijerumani kabisa, ingemkera vizuri. Nikamtazama Modesta. Alikuwa ameukaza mkongojo kwa mikono yote miwili, mtu asiyezoea kutazama mikono asingeona. Nyuma yake wazee wenye mvi walikuwa wananitazama mimi, watu waliomwona anazaliwa.

Mji mzima unajua shikamoo yangu siitoi ovyo. Akida anajua kuliko wote, maana hajapata kuipata.

Nikapiga hatua mbele, nikainama.

"Shikamoo, bibi."

Alivuta pumzi.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Unaendeleaje na mvua?"

"Tunavumilia, bibi."

Bwana wa ardhi alitutazama sote kwa zamu, akamtazama Akida, akatoa leso. "Mwanaheri yuko hai," akasema ndani ya leso. "Shauri la pili."

Mei 6

Hatibu amehamisha cherehani yake karibu na boma. Nilisikia kelele za kuhama, sikutoka. Kahawa nakunywa peke yangu na haina ladha. Mtu anayekukubalia kila neno ni mwongo, lakini sikio lake lilikuwa sikio.

Mei 9

Agustino amekuja kubishana nami. Amebishana mpaka magharibi. Nimemtengenezea kahawa.

Mei 20

Mvua zimepungua. Askari hawaji tena kupigwa picha kwangu, wamekatazwa. Wake zao wanakuja.

Juni 3

Jua kutwa. Nimechapa picha zote zilizodaiwa tangu Machi, yule aliyesema nimemuuza Ulaya ameondoka na uso wake bila kuniaga.

Alasiri aliteremka Mwanaheri, na nyuma yake msichana mwingine, mdogo, kigoda kichwani. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama juu mpaka chini.

"Umezeeka, mjukuu wangu," akasema. "Masika yamekuchosha."

 Nilitundika blanketi la kijivu, nikamweka karibu na uwazi. Nikaingia chini ya kitambaa cha kamera kutafuta uso wake kwenye kioo cha nyuma, ambako mtu huonekana miguu juu kichwa chini. Nilipotoka nilikuta amekwisha kukaa: mikono yote miwili juu ya mkongojo, mguu wa kushoto mbele, macho kwenye milima. Sikuwa nimemwelekeza.

Alikuwapo siku ile ya Machi, amesimama pale mlangoni na kigoda, aliona kila kitu. Hiyo ndiyo sababu ya mkao ule, na ni sababu ya kutosha. Nikavua kofia ya lenzi, nikahesabu polepole mpaka sita, nikitazama uso na si nguo.

Yule msichana mdogo pale mlangoni naye alikuwa anatazama, kimya, asiache kitu.